Mstari wa mpimaji na njia ya maji: jinsi Marekani ilivyogawa mbuga zake



Mtu akifungua ramani ya Marekani, jambo moja litamshangaza mara. Upande wa mashariki, karibu na bahari ya Atlantiki, mipaka ya majimbo hupindapinda: hufuata mito, milima na pwani. Lakini kadiri jicho liendavyo magharibi, mipaka inanyoka. Majimbo ya Colorado na Wyoming yana pande nne tu, kama vitabu viwili vilivyowekwa juu ya meza. Na mtu akipita juu ya nchi ile kwa ndege, ataona ya kwamba si mipaka ya majimbo tu iliyonyoka hivyo. Mashamba, barabara, hata miji midogo, vyote vimepangwa katika miraba, mmoja kando ya mwingine, kwa mamia ya kilometa.

Nani aliichora miraba hiyo? Aliichora kwa nia gani? Na nchi yenyewe, pamoja na mvua yake na upepo wake, je, ilikubali kupangwa hivyo? Tumependa kuyajibu maswali haya matatu. La tatu ndilo zito kuliko yote, maana kwa ajili yake watu wengi walipatwa na msiba, tena msiba ambao mtu mmoja alikuwa ameuonya zaidi ya miaka hamsini kabla haujaja.

I. Mnyororo wa mpimaji

Marekani ilitambuliwa kuwa nchi huru kwa mkataba wa mwaka 1783. Serikali mpya ilikuwa na deni kubwa la vita, wala haikuwa na ruhusa ya kutoza kodi. Mali yake kubwa ilikuwa moja tu: nchi iliyo ng'ambo ya milima ya Appalachia. Basi ikaazimu kuiuza. Lakini nchi isiyopimwa haiuzwi bila magomvi. Kwa hiyo tarehe 20 Mei 1785 baraza la wajumbe wa majimbo lilitoa sheria ya kuipima.

Sheria yenyewe ilikuwa nyepesi kufahamika. Nchi itakatwa katika miraba mikubwa, kila upande maili sita, ndizo karibu kilometa 10. Kila mraba mkubwa utakatwa katika vipande 36. Kila kipande kitakuwa na maili moja kila upande, yaani ekari 640, ndizo hektari 259. Kipande cha 16 katika kila mraba kiliwekwa kando kwa ajili ya shule. Tarehe 30 Septemba ya mwaka ule ule Thomas Hutchins, mwanajiografia wa serikali, alianza kazi kando ya mto Ohio. Watu wake walikwenda na mnyororo wa chuma wenye urefu wa meta 20, wakiuvuta na kuuhesabu mara 80 kwa kila maili. Mnyororo ule ulivuka misitu, mabwawa na mbuga, hata wapimaji wengine waliowafuata wakafika bahari ya Pasifiki.

Tusiudharau uzuri wa kazi hii. Fukara asiye na wakili aliweza kujua mpaka wake: alipewa namba ya mraba na namba ya kipande, ikatosha. Walakini mstari wa mpimaji ulikuwa na kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza: ulipita juu ya nchi kana kwamba haina mwenyewe. Lakini wenyewe walikuwapo. Kwa mfano wa mbuga za kusini tutaje makabila ya Kiowa na Comanche. Mwaka 1867, mahali paitwapo Medicine Lodge katika Kansas, wakubwa wao walitia alama zao katika mkataba, wakaahidiwa sehemu ya nchi iwe yao. Katika miaka iliyofuata wawindaji wa ngozi waliwaua nyati karibu wote, ndio chakula na mavazi ya makabila yale. Kisha sheria ya mwaka 1887 iliruhusu kuigawa nchi ya makabila katika vipande vya mtu mmoja mmoja, na kile kilichobaki kitolewe kwa wageni. Mwaka 1901 nchi ile ya Kiowa na Comanche iligawiwa wageni kwa kura, ekari 160 kila mmoja. Kwa jumla, kati ya mwaka 1887 na 1934, nchi ya wenyeji wa kwanza ilipungua kutoka hektari milioni 56 hata kufika karibu milioni 19. Hakuna historia ya kweli ya mashamba ya Marekani isiyoanzia hapa.

Kasoro ya pili: mstari hauoni. Haujui mto, haujui mlima, haujui mchanga, haujui mvua. Katika Ohio na Indiana kasoro hii haikuonekana sana, kwa sababu mvua ilikuwa ya kutosha karibu kila mahali. Ilingoja watu wafike magharibi zaidi.

II. Ekari 160

Tarehe 20 Mei 1862, miaka 77 kamili baada ya sheria ile ya kwanza, Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria iitwayo ya Homestead. Mtu mwenye umri wa miaka 21, au aliye kichwa cha jamaa, aliweza kuomba ekari 160 za serikali, yaani robo ya kipande, ndizo hektari 65. Alilipa ada ndogo tu. Akikaa pale miaka mitano, akijenga na kulima, shamba linakuwa lake.

Sheria hii ilikuwa na wema mwingi. Wanawake wasioolewa waliweza kuomba. Wageni kutoka Ujeremani, Norvegi na Urusi waliweza kuomba, mradi wawe wametangaza kutaka uraia. Baada ya vita vya utumwa watu weusi pia waliomba: mwaka 1877 watu waliotoka utumwani Kentucky walianzisha mji wa Nicodemus katika mbuga za Kansas, na mji ule ungalipo. Mpaka sheria ilipokwisha katika karne ya ishirini, watu wapata milioni 1 na laki 6 walikuwa wamepata hati, na mashamba yao yalikuwa sehemu moja ya kumi ya nchi yote ya Marekani.

Lakini hektari 65 ni kipimo gani? Ni kipimo cha mkulima wa mashariki, mwenye mvua. Yuko mstari mwingine juu ya ramani, usiochorwa na mnyororo: ule wa digrii 100 upande wa magharibi, unaopita katika majimbo ya Dakota mbili, Nebraska, Kansas, Oklahoma na Texas. Karibu na mstari huo mvua hushuka chini ya milimeta 500 kwa mwaka. Ng'ambo yake shamba la hektari 65 ni kubwa mno kwa mtu mmoja kulinywesha maji ya mfereji, tena ni dogo mno kwa kulisha ng'ombe. Sheria haikujua tofauti hiyo. Ikatoa robo ya kipande hapa, na robo ya kipande kule.

III. Mtu aliyeonya

John Wesley Powell alikuwa mwalimu na askari. Mwaka 1862, katika vita vya Shiloh, alijeruhiwa, na mkono wake wa kuume ukakatwa. Miaka saba baadaye alishuka mto Colorado katika mashua, akapita kati ya magenge makubwa ambayo hapakuwa na ramani yake ya kuaminika. Waliondoka watu kumi, wakafika mwisho sita. Kisha alizunguka miaka mingi katika Utah na nchi za jirani, akipima mito na kuwauliza wenyeji na walowezi jinsi walivyogawa maji.

Mwaka 1878 aliipa serikali ripoti juu ya nchi kavu za magharibi. Mashauri yake tunaweza kuyafupisha katika matatu. La kwanza: msigawe nchi kwa miraba, igaweni kwa kufuata maji, ili kila shamba liguse maji. La pili: vipimo viwe viwili. Mahali pa mfereji, hektari 32 zatosha. Mahali pa malisho, inafaa hektari 1036, ndiyo mara 16 ya kipimo cha sheria. La tatu: mtu peke yake hawezi. Watu tisa au zaidi waungane, wajiwekee wenyewe taratibu za maji na malisho. Tena aliongeza neno ambalo wengi hawakupenda kulisikia: hata mkitumia mito yote, ni sehemu ndogo tu ya nchi hii itakayoweza kunyweshwa.

Kwa nini hakusikilizwa? Kampuni za reli zilikuwa na nchi ya kuuza. Majimbo mapya yalitaka watu wengi upesi. Na walikuwapo wataalamu, kama profesa Samuel Aughey wa Nebraska, waliofundisha ya kwamba mkulima akipindua udongo, mvua yenyewe itaongezeka. Kwa bahati mbaya miaka iliyofuata ilikuwa na mvua nzuri, na watu wakasadiki. Kisha, mwisho wa miaka ya 1880, ukaja ukame, na wilaya nyingi za magharibi ya Kansas na Nebraska zikapoteza watu wao. Mwaka 1893, katika mkutano mkubwa wa kilimo cha mifereji huko Los Angeles, Powell alisimama akawaambia wajumbe ya kwamba maji hayatoshi kwa nchi yote wanayotaka kuilima, na ya kwamba wanawarithisha watoto wao kesi na ugomvi. Wakamzomea. Alikufa mwaka 1902.

Wahenga walisema: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini hapa guu lililovunjika si la wale waliomzomea. Lilikuwa la watoto wao.

IV. Vumbi

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, Ulaya ilikosa ngano. Bei ilipanda, serikali ya Marekani iliihakikishia bei ya zaidi ya dola 2 kwa kipimo cha kilo 27. Sheria ya mwaka 1909 ilikuwa imekwisha kuongeza shamba hata ekari 320 katika nchi kavu, lakini bado kwa miraba, bado kwa kulima. Baada ya vita zilikuja trakta na jembe la visahani, ambalo hupasua ardhi upesi na kuisaga kuwa unga. Mamilioni ya hektari za majani yalipinduliwa. Wengine walikuwa wakulima wa sanduku, kama watu walivyowaita: walikaa mjini, wakaja kupanda, wakarudi kuvuna, basi.

Yafaa tuyafikirie majani yale. Ni mafupi, hayana sura ya kusifiwa. Lakini mizizi yake ilikuwa imefumana chini kama mkeka, ikashika udongo wakati wa ukame na wakati wa upepo, kwa maelfu ya miaka. Mkulima aliyepindua mkeka ule alikuwa hana mwingine wa kutandika.

Mwaka 1931 mambo mawili yalikuja pamoja: bei ya ngano ilianguka chini ya nusu dola, na mvua ikakatika. Shamba lisilo na faida liliachwa wazi, bila majani, bila ngano. Upepo ukalichukua. Mwezi wa Mei 1934 vumbi la mbuga lilifika New York na Washington, hata likaangukia meli zilizokuwa katika bahari ya Atlantiki. Tarehe 14 Aprili 1935, siku ya Dominika, wingu jeusi kama ukuta lilipita Kansas, Oklahoma na Texas. Mchana ukawa usiku, na mtu hakuuona mkono wake mwenyewe. Watu walining'iniza shuka mbichi madirishani. Watoto na wazee walikufa kwa ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi, na Msalaba Mwekundu ulifungua hospitali za dharura. Kufika mwaka 1940 watu wapata milioni 2 na nusu walikuwa wameondoka katika majimbo ya mbuga, baadhi yao wakaenda California kuvuna matunda ya watu wengine.

Mwisho wa mwaka 1936 halmashauri ya serikali juu ya mbuga kubwa iliandika ripoti yake. Ilikiri ya kwamba mashamba yaligawanywa kwa kipimo kisichofaa nchi kavu, na ya kwamba kosa halikuwa la mvua tu, bali pia la sheria na la fikira za watu. Ilikuwa imepita miaka 58 tangu Powell alipoandika.

V. Kufuata kilima

Hapo ndipo anapoingia mtu wa pili wa kukumbukwa, Hugh Hammond Bennett, mtoto wa mkulima wa North Carolina. Tangu ujana wake katika kazi ya kupima udongo alikuwa ameona jinsi tabaka la juu linavyochukuliwa na mvua kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka, bila mwenye shamba kutambua. Mwaka 1933 aliwekwa kuongoza idara mpya ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, na tarehe 27 Aprili 1935, siku 13 baada ya Dominika ile nyeusi, sheria ya kuhifadhi udongo ilitiwa sahihi.

Alifundisha nini? Kulima kwa kuzunguka kilima, si kwa kupanda na kushuka; kukata matuta; kuacha mabua shambani baada ya mavuno; kupanda mimea mbalimbali kwa mistari; na mahali palipo pabaya kabisa, kutolima. Kwa maneno mengine, mkulima alifundishwa kupinda mstari ule ambao mpimaji aliunyosha. Wakati huohuo, kati ya mwaka 1935 na 1942, miti zaidi ya milioni 200 ilipandwa kwa safu kutoka North Dakota hata Texas, ipate kuvunja upepo. Serikali ilinunua pia mashamba yaliyokufa na kuyarudishia majani. Baadhi yake leo ni mbuga za taifa, kama ile ya Cimarron katika Kansas.

Lakini serikali ya Washington haina mamlaka ya kumwamuru kila mkulima katika kila jimbo. Basi mwezi wa Februari 1937 Rais Roosevelt aliwapelekea magavana wote mfano wa sheria, ili kila jimbo liunde wilaya za kuhifadhi udongo, zikiongozwa na wakulima wenyewe. Wilaya ya kwanza ilianza mwaka ule ule huko Brown Creek, nyumbani kwa Bennett, na mpaka wake ulifuata bonde la kijito. Leo wilaya hizo ni karibu 3000. Walakini tukizitazama katika ramani, nyingi zimerudia mipaka ya zamani ya utawala, ile iliyonyoka. Tena sheria iliwapa wakulima uwezo wa kupiga kura na kuwakataza jirani zao kulima mahali pa hatari. Wachache tu walithubutu kuutumia. Kumwambia jirani asilime ni neno gumu kila mahali.

VI. Maji yaliyofichika

Ukame ulirudi katika miaka ya 1950. Safari hii wakulima walitazama chini. Chini ya mbuga hizo yako maji mengi katika changarawe na mchanga, yaitwayo Ogallala. Yanaenea chini ya majimbo 8, toka South Dakota hata Texas, eneo la kilometa za mraba wapata 450 000. Mwaka 1952 Frank Zybach, mkulima wa Colorado, alipata hati ya mashini yake: bomba refu juu ya magurudumu, lizungukalo kisima na kunyunyiza maji. Tangu hapo, mtu akipita kwa ndege, huona duara za kijani ndani ya ile miraba ya kale.

Mbuga zikawa kijani, na wengi wakadhani ugomvi na nchi umekwisha. Haukwisha. Maji yale yalikusanyika kwa maelfu ya miaka, na upande wa kusini mvua huyarudishia kidogo sana. Tena maji ni mamoja, lakini sheria ni nane. Katika Texas, tangu hukumu ya mwaka 1904, mwenye ardhi aliweza kuvuta maji yaliyo chini yake hata kisima cha jirani kikikauka. Wilaya zilizoundwa baadaye zimeweka mipaka kadha wa kadha. Katika Kansas, kwa sheria ya mwaka 1945, maji ni ya watu wote, na mwenye ruhusa ya kwanza hutangulia. Ni kweli ya kwamba ruhusa zilitolewa nyingi kuliko maji.

Nebraska ilifanya jambo lingine. Ilifuta wilaya ndogondogo 154 zilizokuwa zikigongana, na tangu tarehe 1 Julai 1972 ikaweka mahali pake wilaya 24, leo ni 23, ambazo mipaka yake hufuata mabonde ya mito. Viongozi wake huchaguliwa na watu, hutoza kodi, na huweza kupunguza maji ya kila shamba. Nani asiyeona hapa shauri la Powell, limefika kwa kuchelewa miaka karibu mia? Katika Texas maji ya Ogallala yameshuka kwa wastani zaidi ya meta 12 tangu visima vilipoanza; katika Nebraska wastani haukubadilika sana. Tuseme haki: Nebraska ilijaliwa maji mengi zaidi, na mvua huingia vizuri katika vilima vyake vya mchanga. Sifa si ya sheria peke yake. Lakini jimbo lenye maji mengi ndilo lililoona mapema haja ya kuyalinda.

Na tusidhani ya kwamba ni serikali tu iwezayo. Katika wilaya ya Sheridan, kaskazini magharibi ya Kansas, wakulima walikutana, wakahesabu visima vyao, wakaona watoto wao hawatakuta maji. Wakaomba wenyewe wapunguziwe, karibu sehemu moja ya tano. Tangu mwaka 2013 wamekuwa wakishika ahadi hiyo chini ya sheria ya jimbo. Wanavuna kidogo zaidi kwa kila hektari, lakini gharama zao pia zimepungua, na maji yanashuka polepole kuliko zamani.

Tunafunga basi. Mpimaji wa mwaka 1785 hakuwa mtu mbaya. Alitaka kila mtu ajue mpaka wake. Kosa lilikuja pale wenye kuamua walipoitazama karatasi na kusahau kuuliza mambo mawili: nani anakaa hapa, na maji yanatoka wapi? Wakiowa na Wacomanche walilipa kwa ajili ya swali la kwanza. Wakulima wa vumbi walilipa kwa ajili ya la pili, wao na jamaa zao, barabarani kuelekea California. Sisi tusomao historia, kila mara tukutanapo na mstari ulionyoka juu ya ramani, tusikimbilie kuusifu wala kuulaani. Tuulize kwanza ni nani aliyeuchora, na kama alikuwa amekanyaga pale.

Maji hufuata mkondo, walisema wazee. Nebraska ilihitaji miaka mia kuyafuata. Wakulima wa Sheridan wangali wanajifunza.